Tripodi nyepesi ya safari kwa kamera ndogo: maswali ninayoulizwa hapa Moshi

Wanaonijia na maswali ya tripodi ni wa aina tatu. Kuna maguide wanaotaka kuwapigia wageni wao picha za maana, kuna vijana waliojikusanyia hela wakanunua kamera ya mfukoni, na kuna ndugu zetu wa Dar na Dodoma wanaokuja kupanda mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Maswali yao yanafanana sana, ndiyo maana nimeyaweka pamoja hapa. Kabla ya kushika kamera nilikuwa mpagazi kwa misimu minne, njia ya Machame na ya Marangu, kwa hiyo uzito siuzungumzii kwa kuusoma kwenye boksi. Ninaujua begani.

Nitasema tripodi. Wengine husema stendi, wengine miguu mitatu. Kitu ni kilekile.

Kamera yangu inaingia mfukoni. Kweli nahitaji tripodi?

Mchana kweupe, huhitaji. Kibo, kile kilele kikubwa cha mlima, ikiwa wazi saa mbili asubuhi, shika kamera mkononi upige, basi.

Ila mwanga ukipungua mambo yanageuka. Kamera nyingi nzuri za mfukoni zina sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, inayoitwa ya inchi moja, ambayo kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukiilinganisha na ile kubwa ya milimita 36 kwa 24, eneo lake ni kama sehemu moja tu ya saba. Sensa ndogo hukusanya mwanga kidogo, na ukiilazimisha kwa kupandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, picha inajaa chenga. Ingia kihambani saa kumi na mbili jioni, chini ya migomba na mibuni, uone. Kwa macho yako kuna mwanga wa kutosha, lakini kamera inakwambia inataka nusu sekunde. Nusu sekunde mkononi ni bahati nasibu, hata kwa kamera yenye kituliza mtikisiko.

Kwa hiyo tripodi ni ya alfajiri, ya usiku, ya maji yanayotiririka, na ya siku unayotaka na wewe uwemo kwenye picha pamoja na familia badala ya kuwa mpiga picha tu. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachokifanya, hela yako iache itulie.

Uzito gani unafaa?

Kwa kamera ndogo, mimi nasema kati ya gramu 800 na kilo 1.3, kichwa kikiwemo, yaani kile kiungo cha juu kinachoshika kamera. Chini ya gramu 500, ukitaka tripodi ndefu ya kusimama, unaangukia kwenye miguu myembamba kama antena ya redio. Ile inafaa mezani, ndani ya nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni kwamba kamera yenyewe haina uzito wa kumtisha mtu. Ricoh GR III ina gramu 257. Sony RX100 VII ina 302, Canon G7 X Mark III ina 304. Hiyo ni kama embe moja la wastani. Tripodi yako basi haihitaji nguvu ya kubeba, inahitaji utulivu wa kuhimili upepo na kidole chako unapobonyeza. Hizo ni sifa mbili tofauti, na dukani watakuuzia ya kwanza wakati wewe unatafuta ya pili.

Soma boksi kwa makini: kuna kampuni zinazoandika uzito wa miguu peke yake, kichwa wakakiacha. Kichwa kinaweza kuongeza gramu 200 hadi 400. Peke yake haionekani kitu, lakini ndiyo tofauti kati ya tripodi utakayoibeba na ile utakayoiacha kitandani hotelini.

Na hapa naomba nisikilizwe. Mlimani, mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, ikiwemo na vitu vyake mwenyewe. Tripodi ya kilo tatu ikiwekwa kwenye begi la mgeni, kilo tatu hizo zina mtu. Nimewahi kupandisha tripodi ya chuma kutoka getini hadi kambi ya Barafu, na haikufunguliwa hata mara moja. Mwenyewe alikuwa amechoka, sikumlaumu. Ila tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia: chagua ile ambayo ungekubali kuibeba mwenyewe, kwenye begi lako dogo la mchana, siku sita mfululizo.

Kaboni au alumini?

Kaboni ni nyepesi zaidi na inatuliza mtikisiko haraka zaidi. Kwenye baridi haiumi vidole. Alumini ni ya bei nafuu, na ikigongwa inabonyea badala ya kupasuka. Mguu wa kaboni ukipigwa na jiwe lenye ncha unaweza kupata ufa usioonekana kirahisi, kisha siku moja ukakatika.

Chukua mfano mmoja ambao vipimo vyake viko wazi: Peak Design Travel Tripod ya kaboni ina kilo 1.27, ya alumini kilo 1.56. Tofauti ni gramu 290, chini ya chupa ndogo ya maji. Bei hazikaribiani hata kidogo. Kwa kijana anayeanza, mimi nasema alumini bila kusita. Tatizo la baridi linatatulika kwa fundi baiskeli: mwombe kipande cha tyubu kuukuu, kikate upana wa kiganja, kivute juu ya sehemu ya juu ya mguu, pale unapoishika. Miguu miwili inatosha. Mkono hautelezi, chuma hakikuchomi alfajiri, na ukiigonga kwenye mlango wa daladala hakuna mkwaruzo.

Niangalie urefu gani?

Usianze na urefu wa juu kabisa ulioandikwa kwa herufi kubwa. Huo unahesabiwa nguzo ya kati, lile bomba linaloinua kichwa, ikiwa imevutwa yote, na nguzo ikivutwa yote, tripodi nyepesi inakuwa fimbo iliyosimamishwa juu ya kigoda. Tafuta urefu wake nguzo ikiwa chini. Huo ndio urefu wako wa kweli.

Nimelipa gharama ya somo hili. Nikiwa kambi ya Shira, jioni moja ya mwezi wa nane, nilivuta nguzo hadi mwisho ili nipite juu ya hema lililokuwa mbele yangu. Upepo ulikuja mara moja tu, kama mtu aliyepita akinisukuma bega. Kamera iliangukia jiwe na mdomo wa lenzi ukapinda, haukurudi ndani tena. Nilibaki na siku tatu za mlima bila kamera.

Kwa kamera ndogo huna haja ya kufikia macho. Kioo cha nyuma kinaonekana vizuri kikiwa usawa wa kifua, na kwenye kamera nyingi kinainuka, hivyo unatazama kwa kuinamisha kichwa tu. Sentimita 110 hadi 125 nguzo ikiwa chini zinamtosha mtu wa kimo cha kawaida.

Urefu ikiwa imekunjwa ni muhimu kuliko unavyodhani. Ikizidi sentimita 40 haiingii begi la mchana, itafungwa nje na kamba, na kitu kinachoning'inia nje hunasa kwenye matawi ya msituni na kwenye miguu ya abiria ndani ya Noah ya Marangu. Ili ikunjwe fupi, mguu hugawanywa vipande vinne au vitano. Chagua vinne. Kipande cha tano huwa chembamba kama penseli, na ndicho kinachokanyaga ardhi.

Kufuli za miguu ziwe za kuzungusha au za klipu?

Zote zinafanya kazi. Za klipu unaona kwa macho kama zimefungwa, na ukiwa na glavu nene ni rahisi. Za kuzungusha ni ndogo, hazinasi kwenye nguo, ila vumbi la Arusha linazipenda. Ukisikia mchanga unasaga unapozungusha, usilazimishe. Fungua, safisha.

Kichwa cha gololi au kile chenye mkono mrefu?

Gololi, kile kinachozunguka juu ya mpira mdogo. Kile chenye mkono ni cha video na kina uzito usio na maana safarini. Hakikisha tu kina sehemu ya kuzungusha upande kwa upande bila kulegeza gololi yenyewe. Utaishukuru siku unataka kuunganisha picha nne za Kibo na kilele jirani cha Mawenzi ziwe moja ndefu.

Boksi limeandikwa inabeba kilo 8. Si ndiyo imara hiyo?

Hapana. Namba hiyo inakwambia kitu hakitavunjika, haikwambii kitatulia. Hata meza mbovu ya kilabuni inabeba kreti ya soda, lakini jaribu kuandikia juu yake.

Naomba unielekeze jinsi ya kuipima dukani.

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu dakika kumi dukani zinaokoa miaka. Nenda na kamera yako. Muuzaji akikukataza kuifunga kwenye tripodi yake, mshukuru uondoke.

Kwanza ifungue yote, miguu yote hadi mwisho, nguzo ikiwa chini. Weka kiganja juu ya kichwa chake, gandamiza kwa uzito wa mkono, halafu jaribu kuizungusha kama unafungua kifuniko cha chupa. Miguu itapinda kidogo, ni kawaida. Usichotaka ni mlio, au kuhisi kiungo kimoja kinacheza peke yake. Tazama pale miguu mitatu inapokutana, lile bega la juu. Kama ni plastiki, na plastiki yenyewe ina mistari myeupe karibu na bawaba, rudisha.

Pili, funga kamera na uikaze ikiwa imelala kidogo upande. Vuta zumu hadi mwisho. Tazama kitu kilicho kwenye kona ya kioo cha nyuma, labda herufi kwenye boksi lililo rafuni. Ondoa mkono. Hesabu hadi kumi. Kama ile herufi imeshuka, gololi haishiki, na usiku wa nyota itakuponza. Kamera yenye gramu 300 isishushe gololi yoyote inayostahili jina hilo.

Tatu, gonga mguu mmoja kwa ukucha, kwa upole, huku ukitazama kioo. Picha itatetemeka. Kinachohesabika ni inachukua muda gani kutulia. Ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, nzuri sana. Ikiendelea kuyumba kama mti wa mgrevilea, weka chini uchukue nyingine ulinganishe. Kulinganisha mbili kwa njia hii kunaonyesha mengi kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Nne, ikunje kisha uifungue tena, mara tatu, bila kuangalia. Alfajiri utaifanya hivyo gizani, vidole vikiwa na ganzi.

Kama unanunua ya mtumba, ongeza jambo moja: vua kila kipande cha mguu, chungulia ndani. Kutu kwenye skrubu na chumvi nyeupe kwenye alumini ni alama kwamba ilikaa pwani na hakuna aliyeiosha.

Bamba linaziba mlango wa betri. Nifanyeje?

Bamba ni kile kipande kinachofungwa chini ya kamera ili ishikwe na kichwa, na hili ni tatizo la kamera ndogo hasa. Tundu la skrubu liko chini, sentimita chache tu kutoka mlango wa betri na kadi, na bamba lililokuja na tripodi limetengenezwa kwa ajili ya kamera kubwa. Kila betri ikiisha unalifungua lote. Tafuta bamba dogo, fupi, linaloacha mlango wazi. Angalia pia lisijitokeze mbele likagusa lenzi inapotoka.

Skrubu ya kamera ni ya kipimo kimoja dunia nzima, robo inchi. Ile nene ya inchi 3/8 ni ya kuunganisha kichwa na miguu. Lakini mabamba hayana kipimo kimoja, na hapo watu huumia. Chagua kichwa kinachopokea mabamba ya aina ya Arca-Swiss, yenye upana wa takribani milimita 38, kwa sababu kampuni nyingi zinayatengeneza na ukipoteza unapata jingine. Tripodi yangu ya kwanza niliagiza kwa mtu, ikaja na bamba la umbo lake peke yake. Lilidondoka siku moja kwenye matope ya Kibosho na sikulipata tena, wala nilikoagiza hawakuwa na la akiba. Tripodi nzima, miguu mizima kabisa, ikawa ya kuanikia nguo.

Tangu hapo bamba halitoki kwenye kamera, na la pili liko kwenye mfuko wa betri.

Kwa Kilimanjaro, nibebe kubwa au ile ndogo ya mezani?

Inategemea unapanda kufanya nini. Kama lengo lako ni kufika Uhuru, mita 5,895, na picha ni kumbukumbu, beba ile ndogo ya mezani na uiache kubwa Moshi. Manfrotto PIXI, kwa mfano, ina kama gramu mia mbili hivi, inaingia mfuko wa koti. Mlimani mawe hayakosekani. Iweke juu ya jiwe, una tripodi ya mita moja na nusu. Ile yenye miguu ya kukunjika-kunjika kama GorillaPod inaweza kuvishwa kwenye fimbo ya kutembelea au kwenye nguzo ya kibao cha kambi.

Usiku wa kilele usitegemee kabisa kufungua tripodi ndefu. Mnaondoka karibu saa sita usiku, mnapanda gizani, vidole havisikii, pumzi ni ya kuhesabu. Jua linapochomoza nyuma ya Mawenzi una dakika chache tu za ile rangi, na watu wote wanataka kupita. Nimewaona watu wenye nguvu zao wakishindwa kufungua klipu moja. Kamera iwe ndani ya koti pamoja na betri, karibu na mwili, kwa sababu baridi huimaliza betri kabla ya kazi.

Kama unapanda kwa ajili ya picha hasa, basi kubwa ya kilo moja itakufaa kambini: Shira jioni, Barranco usiku, Horombo alfajiri bahari ya mawingu ikiwa chini yako. Beba mwenyewe. Ukishindwa kuibeba, mwambie guide kabla ya mizigo kupimwa getini ili uzito wake uhesabiwe, usiichomeke baadaye kwenye begi ambalo limeshapita mzani. Wapagazi wanaliona hilo. Hawasemi, lakini wanaliona.

Kwenye mteremko weka miguu miwili upande wa chini na mmoja upande wa juu. Upepo ukiwepo, tundika begi kwenye ndoano iliyo chini ya nguzo, lakini refusha kamba hadi begi liguse ardhi. Begi linaloning'inia hewani linakuwa bembea na kuitikisa tripodi lenyewe.

Na kwenye safari ya Serengeti au Ngorongoro?

Iache kwenye begi. Ndani ya gari la safari tripodi haina pa kusimama, miguu inawabana wenzako, na kila mtu akihama upande gari zima linatikisika. Ndani ya kreta ya Ngorongoro hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, kwa hiyo hata wazo la kuisimamisha nje lifute.

Unachohitaji ni mto wa maharage, na huo unashonewa mtaani kwetu. Wa kwangu ulishonwa na mama mmoja mwenye cherehani barazani, si mbali na soko kuu. Nilimpelekea mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Tunakata kaptula?"

"Hapana mama, naomba unishonee kamfuko. Nitatia maharage, niegemeze kamera kwenye gari."

Akaupima mguu wa suruali kwa shubiri, akaugeuza ndani nje, akaniuliza kama nataka zipu au vifungo. Nikasema zipu. Akatikisa kichwa. "Maharage yatakusukuma zipu ifunguke. Nikuwekee zipu, halafu kifuniko juu yake." Alishona mishono miwili pembeni, na ule mto uko kazini mpaka leo. Ukubwa wake ni kama mkate mdogo. Usiujaze kabisa, theluthi moja ibaki wazi ili ukandamizike na kushika umbo la kamera. Ukisafiri kwa ndege unaumwaga, unajaza tena ulikofika, choroko au mchele vyote vinafaa.

Uweke juu ya ukingo wa paa lililo wazi au wa dirisha, mwombe dereva azime injini, kisha piga. Mwombe kwa heshima, kwa sababu mara nyingine ana sababu ya kutozima.

Maji ya maporomoko ya Materuni yale yanayoonekana kama hariri yanapigwaje?

Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe kati ya robo sekunde na sekunde moja. Zaidi ya hapo maji yanakuwa ukungu mtupu, sura yake inapotea. ISO iwe ya chini kabisa, tundu la lenzi f/8 na si zaidi, maana kwenye sensa ndogo ukifunga kupita hapo picha nzima inalegea. Kama bado mwanga ni mwingi, angalia menyu: baadhi ya kamera ndogo zina kichujio cheusi ndani yake. Ricoh GR III inacho kinachopunguza mwanga mara nne, Canon G7 X Mark III mara nane. Sony RX100 VII haina. Kwa hiyo nenda asubuhi mapema au siku ya mawingu.

Futa lenzi kabla ya kila picha, marasharasha ya maji yanafika mbali. Na usiisimamishe tripodi mguu mmoja ukiwa ndani ya mkondo. Maji yanayopita yanatetemesha mguu hata kama huoni.

Nataka nyota juu ya Kibo. Sekunde ngapi?

Kanuni ya wapiga picha ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, ule uliogeuzwa kuwa kipimo cha ile sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24. Lenzi ya milimita 24 kwa kipimo hicho inakupa karibu sekunde 20, baada ya hapo nyota zinaanza kuwa vijistari virefu. Mimi huanzia 15, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta na nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zinazokimbia kuliko zote.

Lakini tukiwa Moshi tuna upendeleo mmoja. Kibo iko kaskazini kwetu, moja kwa moja, na ncha ya kaskazini ya anga iko chini kidogo tu ya upeo, nyuma ya mlima. Nyota zilizo karibu na ncha huzunguka polepole. Zile zinazokaa chini, juu kidogo ya kilele, zinatembea kama robo ya mwendo wa zile za utosini. Kwa hiyo ukivuta zumu ukajaza mlima na anga kidogo tu juu yake, unaweza kuzidisha muda kuliko kanuni inavyosema. Jaribu uone mwenyewe.

Kile kiini chenye mwanga cha Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota angani, cha Juni hadi Septemba jioni, usikitafute juu ya Kibo ukiwa Moshi. Kinapita upande wa kusini, mgongoni mwako. Picha za kiini na mlima pamoja hupigwa kutoka upande wa pili, Amboseli nchini Kenya.

Nimeiweka kwenye tripodi na bado picha imetikisika. Kwa nini?

Mara nyingi ni kidole. Weka taima ya sekunde mbili. Kisha zima kituliza mtikisiko, maana kwenye baadhi ya kamera kinatafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza chenyewe. Kama bado, angalia mkanda wa kamera: ukining'inia kwenye upepo unapiga miguu. Uvue. Na usisimame kwenye sakafu ya mbao wakati wenzako wanatembea, kama kwenye vibaraza vya vibanda vya Horombo.

Ndege inaruhusu?

Ile ya mezani haijawahi kunisumbua. Ndefu iweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, katikati ya nguo, kichwa kikiwa kimevuliwa. Anayekagua akiona miiba ya chuma miguuni anaweza kuikataa mkononi, na hana kosa. Kamera na betri zibaki nawe.

Naweza kuisimamisha popote mjini?

Tripodi humfanya mtu aonekane yuko kazini, na watu wataanza kuuliza. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, uwanja wa ndege, usiisimamishe mbele yake hata kama unachopiga ni mlima nyuma yake. Sokoni na kihambani, salamu kwanza. Ukifika kwa mtu, msalimie mzee wa pale, mweleze unachotaka, akikataa shukuru. Akikubali, mwonyeshe picha kabla hujaondoka, na ukiweza mchapishie. Mzee mmoja wa Old Moshi ambaye nilimpelekea picha yake akiwa na mbuzi wake aliibandika ukutani, juu ya redio, na tangu hapo mlango wake uko wazi kwa kila ninayempeleka.

Nitaitunzaje?

Ukitoka kwenye vumbi, pangusa kila kipande kwa kitambaa chenye unyevu kabla hujakikunja, la sivyo unaingiza mchanga ndani mwenyewe. Ukitoka Zanzibar au Pangani, suuza kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, ianike ikiwa imefunguliwa. Mara mbili kwa mwaka vua vipande vyote, osha, kausha, paka grisi nyembamba kwenye nyuzi za kufuli. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda na vumbi. Ile spana ndogo ya pembe sita iliyokuja na boksi ifunge na raba kwenye mguu, bawaba hulegea na utaihitaji mahali pasipo na duka.

Itafanya kazi na simu pia?

Ndiyo, nunua kishikio cha simu chenye tundu la robo inchi. Chagua kinachokaza kwa skrubu, kile cha springi hulegea.

Nimeshaipata. Nianze kuijaribia wapi?

Toka Moshi ukielekea kusini, upande wa mashamba ya miwa ya TPC, ambako nyumba zinaisha na mlima unakaa wote mbele yako. Fika saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza. Fungua miguu, nguzo iache chini, kaza kamera, weka taima ya sekunde mbili, piga moja kila dakika tano bila kugusa kitu kingine. Kwanza utaona umbo jeusi la Kibo tu, kisha barafu ianze kushika rangi ya waridi, kisha mwanga ushuke taratibu mpaka msituni. Baki hapo. Ikikaribia saa tatu, mara nyingi wingu linaanza kupanda kutoka chini, na kabla ya saa nne linakuwa limeshaufunga.